Nia Njema Peke Yake Haitibu Jicho

Wahenga walisema nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Nimeisikia methali hii mara nyingi katika ibada za kuwapokea wageni wa misheni, hasa wanaokuja kutibu macho. Mzee wa kanisa huisema, mchungaji huikazia, kwaya hupokea. Anayethubutu kuuliza swali hunyamazishwa nayo. Hawa ndugu wametoa likizo yao, wamejilipia nauli, wameacha watoto wao, wamevuka bahari kwa upendo wa Kristo. Wewe unauliza vibali? Unauliza nani atamwona mgonjwa mwezi ujao? Moyo upo, mengine Mungu atajaza.

Napinga kauli hiyo, na ninaipinga nikiwa ndani ya kanisa. Mimi ni Mkristo na kazi yangu ni macho. Nimefanya kazi miaka mingi upande wa wanaobaki, katika chumba cha macho ambacho wagonjwa hukijia timu ikishapanda ndege. Kutoka upande huo nimejifunza jambo moja: safari ya misheni ya macho huandaliwa kuanzia mwisho wake. Kabla ya kuuliza nani anasafiri na mizigo ina kilo ngapi, kamati iulize ni nani, kwa jina, atakayemwona mgonjwa wakati wageni hawapo. Kamati isiyo na jina hilo haijaanza maandalizi, hata kama tiketi zimeshakatwa.

Hitaji ni kubwa, hilo halina ubishi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uoni, ya mwaka 2019, ilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijahudumiwa. Wengi wanahitaji miwani tu. Wengine wana mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mfupi. Ukubwa huu wa hitaji ndio silaha ya wanaosema lolote ni bora kuliko kukaa bure. Mimi nauona kuwa sababu ya kuwa wakali zaidi. Penye njaa kubwa, anayemwaga unga hawezi kujitetea kwamba alikuwa na haraka ya kupika.

Tuanze na miwani, maana ndiko safari nyingi zinakoanzia. Katika sharika za Marekani na Ulaya hutolewa tangazo: leteni miwani yenu ya zamani. Sanduku huwekwa mlangoni, na baada ya miezi michache wanapata mamia ya miwani, yanafungwa, yanasafirishwa. Nimefungua katoni la namna hiyo katika ofisi ya kanisa. Mlikuwamo miwani ya jua, fremu zilizokatika mkono, vioo vilivyokwaruzwa, na lenzi nene za watu wenye uoni hafifu wa kiwango ambacho hakuna mtu kwenye foleni yetu alikuwa nacho. Kila lenzi ilikatwa kwa macho ya mtu mmoja: nguvu yake, pembe yake, umbali kati ya mboni zake mbili. Kumtafutia mama wa Kilolo, mkoani Iringa, miwani katika katoni lile ni sawa na kumtafutia ufunguo wa mlango wake katika ndoo yenye funguo za mji mzima.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha hesabu yao katika jarida la Optometry and Vision Science. Walikuta kwamba katika kila miwani 100 iliyotumika na kukusanywa, 7 tu ndiyo ilifaa kutumika tena. Walipojumlisha gharama ya kuchambua, kusafisha, kupima na kusafirisha, kila miwani iliyofaa ilikuwa imegharimu zaidi ya dola 20 za Marekani. Miwani mipya ya kusomea hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Shirika la Kimataifa la Kuzuia Upofu, IAPB, limekwisha kushauri miwani iliyotumika isipelekwe kwenye huduma za macho za nchi kama zetu. Ushauri upo, hesabu ipo, lakini masanduku bado yamekaa mlangoni, kwa sababu mwenye kutoa anajisikia ametoa.

Watasema kidogo si haba. Kweli, kikiwa ni kidogo kinachofaa. Na hapa kwenye miwani tunajua kinachofaa. Ripoti ile ya 2019 ilitaja watu milioni 826 ambao macho yao yameshindwa kuona vya karibu kwa sababu ya umri na bado hawajapata miwani. Ni mshonaji wa miaka 45 asiyeweza tena kutunga uzi, ni mama anayechambua mchele na kuacha mawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuona karibu waliongeza mavuno yao kuliko wenzao wasiopewa, kwa tofauti ya takriban asilimia 22. Huko Bangladesh, utafiti wa 2024 ulionyesha kipato cha waliopewa miwani kikipanda kwa karibu theluthi moja. Watu wale walipimwa macho kwanza, ndipo wakapewa miwani iliyowafaa. Fedha inayotumika kukusanya na kusafirisha miwani chakavu ingenunua mipya mingi zaidi, na kusaidia kumlipa muuguzi wa zahanati ajifunze kupima na kuendelea kuitoa mwaka mzima.

Niende kwenye kisu, maana huko ndiko nia njema inakopata sifa nyingi na kufanya madhara makubwa.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyoingia ukungu. Daktari huitoa na kuweka lenzi bandia mahali pake. Harold Ridley aliweka ya kwanza jijini London mwaka 1949, na kwa miongo mingi ilibaki kuwa kitu cha matajiri. Kisha kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilianza mwaka 1992 kuzitengeneza kwa bei ambayo hospitali zetu zinaimudu. Kwa hiyo lenzi siyo kikwazo tena, na daktari hodari huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Kesho yake bandeji inafunguliwa, bibi anamwona mjukuu ambaye hajawahi kumwona uso, wodi nzima inapiga vigelegele. Nimesimama katika vigelegele hivyo na machozi yamenitoka. Sidharau asubuhi ile hata kidogo.

Lakini asubuhi ile si mwisho wa matibabu. Maambukizi yakiingia ndani ya jicho lililopasuliwa huweza kuliua katika siku chache, na dalili zake mara nyingi hujitokeza timu ikiwa tayari uwanja wa ndege. Matone ya kuzuia uvimbe hutumika kwa wiki kadhaa, na yakiendelea kutumika bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu mshipa wa fahamu wa kuonea. Miezi au miaka baadaye, utando ulio nyuma ya lenzi bandia huweza kuingia ukungu nao, mgonjwa akaamini upofu umemrudia, kumbe anahitaji mionzi ya leza ya dakika chache. Nani atamwambia? Nani atamwelekeza ilipo mashine?

Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha upasuaji huu. Katika kila macho 100 yaliyopasuliwa, angalau 90 yaone kwa kiwango cha 6/18 au zaidi (yaani jicho lione kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 18) yakisaidiwa na miwani inayohitajika, na yasizidi 5 yatakayobaki chini ya 6/60. Kipimo hiki hakihesabiki kwa picha ya siku ya pili. Lazima mgonjwa aonekane tena baada ya wiki, asomeshwe ubao wa herufi, aandikwe. Timu inayoondoka siku ya tatu haiwezi kujua kama imetibu au imeharibu. Ndiyo maana taarifa zao husema tulipasua watu kadhaa, na mara chache sana husema wangapi wanaona.

Nitasimulia jicho moja. Mama mmoja aliletwa kwetu kwa basi siku ya tisa baada ya kupasuliwa katika kambi ya macho ya wageni. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa usaha ndani, na maumivu yalikuwa yamemkosesha usingizi siku nne. Alikuwa amesubiri kwa sababu aliambiwa wageni watarudi, naye akaelewa watarudi wiki ile. Kadi yake haikuwa na jina la daktari, wala nguvu ya lenzi aliyowekewa, wala dawa alizopewa. Kumbukumbu zote zilikuwa zimekwenda ng'ambo katika kompyuta ya mtu. Jicho lile hatukuliokoa. Sijui kama waliompasua walifanya kosa lolote mezani, maana maambukizi humpata hata mgonjwa wa daktari bora. Kosa ninalolijua ni kwamba aliugua na hakukuwa na mtu aliyepangiwa kumwona.

Ni hivyo hivyo kwa ugonjwa ambao kisu hakiumalizi. Katika kila kambi watapatikana wenye presha ya macho, ile glakoma inayokula uoni kimyakimya kuanzia pembeni. Uoni uliopotea hapo haurudi. Kinachowezekana ni kulinda uliobaki, mara nyingi kwa matone ya kila siku maishani mwote. Kumpa mzee chupa moja ya mwezi na kumtakia baraka ni kumwanzishia safari na kumwacha katikati ya pori. Atapata wapi chupa ya pili, na kwa shilingi ngapi? Asipoambiwa hayo siku anapopewa ya kwanza, hakutibiwa. Na mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho ndiye wa kuogopewa zaidi. Ubongo wake hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo tu, kwa hiyo baada ya upasuaji anahitaji miwani, mazoezi na ukaguzi wa mara kwa mara kwa miaka. Mtoto huyo hafai kupasuliwa katika kambi ya wiki mbili. Apelekwe kwenye kituo chenye wataalamu wa watoto, kama KCMC ya Moshi au CCBRT ya Dar es Salaam, na kamati ilipe nauli yake na ya mzazi wake. Nauli hiyo ni huduma ya macho kamili, ingawa haipigwi picha.

Hoja nyingine inayosemwa sana ni kwamba huduma ya bure haiwezi kumdhuru mtu. Nenda kamuulize fundi wa miwani wa mji mdogo, aliyekopa mashine ya kukata vioo, anavyokaa wiki nzima bila mteja kwa kuwa tangazo limetoka kwamba wageni wanagawa. Kamuulize mganga mkuu wa hospitali ya misheni, ambaye ada ndogo ya wagonjwa ndiyo inayonunua sindano na kumlipa muuguzi. Watu wenye uwezo wa kulipa huahirisha upasuaji wakingoja wa bure, na wapo wanaongoja hadi wameanza kuongozwa kwa fimbo. Hospitali ya macho ya Aravind, Madurai, aliyoianzisha Dakta Govindappa Venkataswamy mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, imeonyesha njia nyingine: wenye uwezo wanalipa, fedha yao inawabeba wasio nacho, na hospitali inasimama kwa miguu yake. Anayetaka kuwasaidia maskini awalipie katika hospitali yao wenyewe. Mgonjwa atatibiwa bure, na hospitali itakuwapo kesho.

Kisha kuna hili la vibali, ambalo huitwa urasimu na wengine huliita hata vita vya shetani dhidi ya injili. Tugeuze sura ya jambo. Daktari wa Iringa apande ndege hadi Chicago, afungue chumba cha shule ya Jumapili, aanze kuwapasua macho mabibi wa Kimarekani bila leseni ya huko, kwa madai kwamba ana upendo na muda wake ni mfupi. Hakuna askofu atakayemtetea, naye hatalala nje ya mahabusu. Jicho la bibi wa Kilolo lina thamani ile ile. Usajili wa muda wa daktari mgeni upo ili mtu athibitishe kuwa aliyeshika kisu ni daktari kweli. Ukaguzi wa dawa na vifaa upo ili matone yaliyokwisha muda yasiingie machoni mwa watu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, ulitaka dawa ziwe zimeombwa na mpokeaji, ziwe na lebo katika lugha inayoeleweka na watumishi wake, na zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika. Kamati inayoona masharti haya ni mzigo ijiulize ni dawa gani ilikuwa inakusudia kumpa mgonjwa.

Na wachungaji wetu wasikie neno hili pia. Mgonjwa wa macho hawezi kuchagua. Kama kambi iko Lindi au Tanga, nusu ya foleni au zaidi ni Waislamu, nao wamekuja kwa sababu hawaoni njia ya kwenda msikitini. Mgonjwa akilazimishwa kusikiliza mahubiri kabla ya kupewa namba, tumemuuzia matibabu na bei ni dhamiri yake. Mtibuni vizuri, mwombeeni anayetaka kuombewa, na acheni kazi njema iseme yenyewe.

Nikifika hapa huulizwa kwa uchungu: basi mnataka wageni wasije? Nataka waje. Huduma ya macho ya Afrika Mashariki imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotumwa na makanisa, na kwa hiyo tuna mfano wetu wenyewe wa kuigwa. Ernst Christoffel, mchungaji Mjerumani, alifungua makao ya vipofu Malatya, katika dola ya Waturuki, mwaka 1908. Kutoka kazi yake lilikua shirika la CBM ambalo limetegemeza huduma za macho katika nchi zetu kwa miongo mingi. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 kwa jitihada za makanisa yaliyoungana chini ya Good Samaritan Foundation, na imefundisha wataalamu wa macho waliotawanyika mikoani. Kule Kenya, hospitali ya PCEA Kikuyu inajulikana nchi nzima kwa macho. Watu wa kazi hizi walitumwa kama hawa wa leo. Walichofanya tofauti ni kubaki, au kuacha nyuma yao mtu aliyefundishwa.

Asiyeweza kubaki anaweza kufanya la pili. Aandike barua mwaka mmoja kabla, kwa daktari wa macho wa hospitali mwenyeji na kwa mratibu wa huduma za macho wa mkoa, aulize wanahitaji nini, kisha akubali jibu hata likiwa halimpendezi. Huenda watamwambia hawahitaji daktari, wanahitaji fundi wa kutengeneza darubini ya upasuaji iliyokaa mwaka mzima imefunikwa shuka. Huenda wataomba bingwa mmoja wa retina akae mwezi na madaktari wawili, badala ya watu ishirini wa kukaa siku kumi. Huenda wataomba mafuta ya gari la huduma ya mkoba, ili muuguzi awafikie wanawake wazee vijijini, maana hao ndio wengi kati ya wasioona na ndio wachache kwenye foleni. Kumbukumbu za kila mgonjwa zibaki hospitalini kwa Kiswahili au Kiingereza kinachosomeka. Bajeti iwe na fungu la wagonjwa watakaopata matatizo baada ya wageni kuondoka. Nanyi ndugu zetu mlioko Minnesota, Texas na kwingineko, mnaokaa katika kamati hizo na kuombwa kutafsiri, semeni haya mapema, kwa lugha zote mbili. Msinyamaze kwa adabu ya ugeni.

Katika ibada za kuwaaga wamisionari husomwa sana habari ya Msamaria Mwema. Huhubiriwa huruma yake, mafuta na divai aliyomimina katika majeraha. Husahaulika kwamba habari haikuishia kando ya barabara. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakapopita tena. Alijua nani atamwangalia yule mtu kesho yake. Na Yesu mwenyewe, pale Bethsaida, alipomgusa kipofu alimuuliza kama anaona. Mtu yule akaona watu kama miti inayotembea. Ndipo akamwekea mikono mara ya pili hadi akaona sawasawa. Bwana aliuliza matokeo, na hakuondoka kazi ikiwa nusu.

Basi kamati yenye safari mwaka huu ichukue karatasi leo. Iandike jina la daktari au muuguzi atakayewaona wagonjwa siku ya saba, siku ya 30 na mwezi wa sita. Iandike namba yake ya simu, na fedha aliyotengewa kwa kazi hiyo. Jina likiwapo, endeleeni, nasi tutawapokea kwa kwaya. Likikosekana, ahirisheni safari mpaka lipatikane.